Lango la API kwenye Wingu: Hesabu za Kupiga Kabla ya Kuchagua

SACCOS yenye programu ya simu kwa wanachama wake, kampuni ya mabasi inayouza tiketi kupitia mawakala, duka la mtandaoni linalopokea malipo ya simu: biashara hizi zote siku hizi zinategemea API, yaani njia ambayo programu moja hutumia kuiomba nyingine taarifa au kuiagiza kazi. Lango la API husimama mbele ya seva kama bawabu. Hukagua ufunguo au tokeni ya anayekuja, huhesabu amekuja mara ngapi, humzuia aliyezidisha, humwelekeza kwenye huduma anayoitaka, na kila kinachopita hukiandika.

Unaweza kuishi bila lango, lakini hapo kila huduma italazimika kufanya ukaguzi wake yenyewe, na moja ikisahaulika wateja wote wako hatarini. Hilo liliikuta kampuni ya simu ya Optus nchini Australia mnamo Septemba 2022, zilipoibwa taarifa za watu takriban milioni 9.5. Mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo ilieleza katika shauri lake mahakamani kwamba kosa la msimbo lilikuwa limedhoofisha ukaguzi wa API. Kampuni ililiona kosa hilo mwaka 2021 na kulirekebisha kwenye anwani yake kuu, lakini anwani nyingine, ambayo ilikuwa karibu haitumiki, ikabaki vilevile. Faida kubwa ya lango, kwa maoni yangu, ni kwamba linakulazimisha kuwa na orodha moja ya milango yako yote.

Sasa bei. Kwa viwango vya Marekani, Amazon API Gateway ina aina mbili kuu: HTTP API, inayoanzia dola 1 kwa maombi milioni, na REST API, inayoanzia dola 3.50. Google API Gateway hutoa maombi milioni 2 ya kwanza bure kila mwezi, kisha dola 3 kwa kila milioni. Azure API Management ya Microsoft, katika daraja linaloitwa Consumption, hutoa milioni 1 bure, kisha takriban dola 3.50. Chukua biashara yenye maombi milioni 3 kwa mwezi: itadaiwa dola 3 kwa HTTP API, dola 10.50 kwa REST API, dola 3 kwa Google, na kama dola 7 kwa Azure. Kwa biashara ya ukubwa huo, hakuna sababu ya kuchagua mtoa huduma kwa tofauti ya dola saba na nusu.

Fedha huvuja kwingine. Data inayotoka kwenye wingu kwenda kwa mteja hulipiwa kwa gigabaiti. Kumbukumbu za maombi zikiandikwa kwa ukamilifu, pamoja na mwili wa kila ombi, zinaweza kugharimu zaidi kuliko lango lenyewe, kwa sababu huduma ya kumbukumbu ya Amazon hutoza senti 50 za dola kwa kila gigabaiti inayoingia. Ukuta wa kuzuia mashambulizi nao hulipiwa peke yake. Halafu kuna madaraja yanayolipiwa hata pasipo mteja hata mmoja: Azure Premium hugharimu maelfu ya dola kwa mwezi, na Apigee, ambayo Google iliinunua mwaka 2016, imekusudiwa benki na kampuni kubwa zenye washirika wengi. Omba makadirio yenye vipengele hivi vyote kabla hujaweka sahihi popote.

Baada ya bei, tazama kile ambacho daraja la bei nafuu limenyimwa. Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa kuwa upungufu hujitokeza mfumo ukiwa tayari unatumika. Chukua malipo ya simu. Mteja akibonyeza “lipa”, mfumo wa M-Pesa humtumia ombi la kuweka namba ya siri, na jibu la muamala hurudi baadaye kwenye anwani uliyoisajili wewe. Seva ya mtandao wa simu inayoleta jibu hilo haibebi tokeni ya mtumiaji wako, kwa hiyo njia hiyo inahitaji ulinzi wa aina yake, hasa kukubali anwani za IP za mtandao husika tu. REST API ya Amazon inakuruhusu kuweka sera kama hiyo langoni, na Azure ina kanuni ya kuchuja anwani za IP. HTTP API haina sera hiyo, haina mipango ya matumizi kwa ufunguo wa kila mshirika, na huwezi kuifungia ukuta wa kinga wa Amazon moja kwa moja. Mtu aliyevutwa na dola 1 hujikuta akiandika msimbo wa kuziba mapengo hayo, na mshahara wa injinia kwa wiki moja unazidi akiba ya miaka kadhaa.

Kuna pia muda wa kusubiri. REST API kwa kawaida hukata ombi baada ya sekunde 29, na HTTP API haivuki sekunde 30. Mama anayetafuta miwani yake ili aweke namba ya siri anaweza kuchukua muda mrefu kuliko huo. Usiache ombi likining'inia hadi alipe. Jibu papo hapo kwamba agizo limepokelewa, kisha badilisha hali ya malipo taarifa ya muamala ikifika.

Kwa upande wa Azure, Consumption haina tovuti ya kusajili wasanidi wa nje na kuwapa funguo. Daraja linaloitwa Developer linayo, kwa bei ndogo, lakini Microsoft yenyewe inasema si la mfumo unaohudumia wateja na haiambatanishi nalo dhamana yoyote ya upatikanaji. Kampuni yenye mawakala na washirika kadhaa wanaojiunga kila mwezi itafaidika kulipia daraja la juu zaidi. Yenye programu moja ya simu haina haja hiyo.

Mahali lango lilipo ni suala ninaloliona linapuuzwa mno. Microsoft ilifungua kanda yake ya vituo vya data huko Johannesburg mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google Johannesburg mwaka 2024. Lakini si kila huduma hupatikana kila kanda, wala bei hazifanani. Ukomo wa kawaida wa Amazon Cape Town ni maombi 2,500 kwa sekunde, ilhali kanda kubwa hupewa 10,000. Ukaribu nao una hatari zake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Pima kasi ukitumia laini ya kawaida ya simu ukiwa Mwanza au Kisumu, si faiba ya ofisini, na umuulize mtoa huduma wako wa intaneti njia zake za akiba zinapita wapi.

Sheria nayo ina neno. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote zinaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Kumbukumbu za lango zenye namba za simu na vitambulisho ni taarifa binafsi pia, kwa hiyo zifiche langoni kabla hazijaandikwa.

Yapo malango ya programu huria unayoweza kuyasimika mwenyewe, kama Kong, Apache APISIX na WSO2 ya Sri Lanka. Ni mazuri, na yanaweza kukaa kwenye seva ya ndani ya nchi. Yachague tu ikiwa una watu wawili au zaidi wanaoweza kuamshwa usiku yakianguka.

Lolote utakalochukua, andika maelezo ya API yako kwa mfumo wa OpenAPI na uyatunze nje ya huduma hiyo. Kanuni za Azure huandikwa kwa XML yake yenyewe na hazihamishiki kwenda Amazon, kwa hiyo hesabu za riba au nauli zisiwekwe langoni. Usitarajie pia lango lijue akaunti ni ya nani. Asha akiwa na tokeni halali, kisha akabadilisha namba ya akaunti ndani ya ombi na kuweka ya Juma, lango litampitisha. Kosa hilo ndilo la kwanza katika orodha ya mwaka 2023 ya hatari za API inayotolewa na OWASP, shirika la usalama wa programu, na dawa yake iko ndani ya msimbo wa huduma.

Siku ya kwanza ya kuwasha lango, weka ukomo wa maombi kwa kila ufunguo. Arifa ya bajeti ya Amazon au Azure hukutumia tu ujumbe kwamba kiasi kimepita. Yenyewe haizimi chochote, na roboti iliyoanza kugonga Ijumaa jioni itaendelea kukuongezea bili hadi mtu aisome barua pepe hiyo Jumatatu.