Mali Bila Daftari: Orodha Iliyoandikwa Katika Kazi ya Tiba na Maisha ya Nyumbani

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walimlenga mfanyabiashara, lakini usemi huo unamhusu pia muuguzi mwenye wagonjwa ishirini wodini na mzee mwenye dawa nne za kumeza kila siku. Mali ya muuguzi ni muda na umakini wake. Mali ya mzee ni afya yake. Zote mbili hupotea polepole na bila kelele pale zinapotunzwa kichwani peke yake. Makala haya yanaeleza kwa nini kumbukumbu haitoshi, orodha iliyoandikwa imeleta manufaa gani katika tiba, na namna ambavyo mhudumu wa afya na mgonjwa wanaweza kuitumia.

Mipaka ya kumbukumbu

Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alikadiria kuwa akili ya mtu huweza kushika kwa wakati mmoja mambo saba hivi. Mwaka 2001 mwenzake Nelson Cowan aliipunguza idadi hiyo hadi kufikia manne. Sasa tumtazame muuguzi anayeelekea kumchoma mgonjwa sindano. Njiani anaulizwa swali na ndugu wa mgonjwa mwingine, simu ya maabara inalia, na mgonjwa mpya anaingizwa kwa machela. Akirudi kwenye sindano ile, ni rahisi asikumbuke kama dawa imekwisha kutolewa. Huo si uzembe. Ndivyo ubongo wa binadamu ulivyo.

Kumbukumbu hutuangusha zaidi katika hali tatu: tunapokatizwa, tunapochoka, na tunapofanya jambo tulilolizoea mno. Hali hii ya tatu huwashangaza wengi. Anayejifunza kazi huzihesabu hatua zake moja moja, ilhali mzoefu huzipita bila kuzifikiria, na hapo ndipo hatua ndogo huruka.

Wenye ndege waliligundua hilo mapema. Tarehe 30 Oktoba 1935, katika uwanja wa Wright, jimboni Ohio nchini Marekani, ndege mpya ya kivita ya kampuni ya Boeing iliruka kwa majaribio, ikapanda kwa ghafla, kisha ikaanguka na kuungua. Watu wawili miongoni mwa waliokuwamo walipoteza maisha. Mitambo haikuwa na hitilafu. Kifungo cha kuzuia mkia usitikiswe na upepo ndege inapokuwa imeegeshwa kilikuwa hakijafunguliwa, ingawa rubani alikuwa mtu mwenye uzoefu mkubwa. Jibu lililopatikana halikuwa kuongeza mafunzo, bali kuandika orodha fupi ya mambo ya kukagua kabla ya kuruka. Ndege za aina hiyo, B-17, ziliendelea kuundwa hadi zikazidi 12,000.

Orodha katika chumba cha upasuaji

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji yenye vipengele 19. Vipengele hivyo vimegawanywa katika vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya ngozi kukatwa, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Ndani yake hamna jambo geni. Je, huyu ndiye mgonjwa anayetakiwa, na upande wa kupasuliwa ni huu? Ana mzio wa dawa yoyote? Antibayotiki ya kinga imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita? Kila mmoja amejitambulisha kwa jina na kazi yake? Sindano, vitambaa na vifaa vimehesabiwa na kutimia?

Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane, ikiwemo Ifakara hapa Tanzania, pamoja na London, Toronto, Seattle, Auckland, Amman, Manila na New Delhi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Vifo vya wagonjwa waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakuna dawa mpya wala mashine mpya iliyoleta tofauti hiyo.

Hata hivyo, orodha si hirizi. Mwaka 2014 yalitolewa matokeo ya hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, ambako matumizi ya orodha hiyo yalikuwa yamefanywa kuwa ya lazima. Upungufu wa vifo uliopatikana ulikuwa mdogo mno kiasi cha kutoweza kuhusishwa na orodha. Wachambuzi wengi walieleza kwamba karatasi inaweza kujazwa alama za vema bila maswali kuulizwa kweli. Somo hili ndilo kiini cha makala haya: orodha huokoa pale tu inapomlazimisha mtu kusimama, kutazama na kuuliza. Ikigeuzwa kuwa ushahidi wa kumridhisha mkaguzi, hubaki karatasi.

Kwa mhudumu wa afya

Orodha ya kazi ya zamu na iwe fupi, iandikwe mwanzoni mwa zamu, na ikae mfukoni. Kazi zenye saa maalumu, kama vile dawa za sindano na vipimo vya shinikizo la damu, ziandikwe kwa saa zake. Zinazoweza kusubiri zikae upande wake. Kila kazi ifutwe pale inapokwisha, si kabla. Anayeweka alama mapema kwa nia ya kuifanya baadaye amejiondolea mlinzi wake mwenyewe.

Makabidhiano ya zamu yahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa hapo mambo huhama kutoka kichwa kimoja kwenda kingine. Kwa kila mgonjwa mtajie mwenzako mambo manne: ni nani na anaumwa nini, amefanyiwa nini leo, ni nini bado hakijafanyika, na ni dalili gani itakayokulazimu kumwita daktari. Anayepokea ayarudie kwa sauti. Jambo la tatu ndilo husahaulika zaidi, nalo ndilo lenye hatari.

Kwa mgonjwa na familia yake

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2003 ilionyesha kwamba, hata katika nchi tajiri, takriban nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu hutumia dawa kama walivyoelekezwa. Shinikizo la damu halina kelele. Mtu akiacha dawa huweza kujiona mzima mpaka siku ya kiharusi. Kwa sababu hiyo, ndugu msomaji, usiitegemee hali ya mwili ikukumbushe.

Nunua daftari dogo la shule. Ukurasa wa kwanza andika jina la kila dawa, kazi yake, kiasi chake na saa zake. Alama kama 1 x 2 kwenye bahasha ya dawa huwachanganya wengi. Mwombe mfamasia akuandikie kwa maneno unayoyatumia mwenyewe: kidonge kimoja saa 1 asubuhi na kimoja saa 1 jioni. Fungamanisha dawa na jambo ambalo hulikosi, kama sala, chai ya asubuhi au chakula cha jioni, ikiwa maelekezo ya dawa yanaruhusu. Ukimeza, weka alama papo hapo. Ukiruka dozi, usimeze mbili kwa pamoja kufidia; uliza kwanza.

Ukurasa wa pili andika tarehe ya kliniki na siku ambayo dawa zitabaki za siku saba tu. Hiyo ndiyo siku ya kutafuta nauli, si siku kidonge cha mwisho kinapokwisha. Ukurasa wa tatu andika maswali yako kwa daktari, matatu yakitosha, na uyasome mbele yake.

Jioni kabla ya kulala

Orodha husaidia hata usingizi. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, uliochapishwa mwaka 2018, vijana 57 waliandika kwa dakika tano kabla ya kulala. Walioandika kazi zinazowangoja walipata usingizi mapema kuliko walioandika kazi walizokwisha kumaliza. Jambo likishawekwa mahali linapoaminika, akili huacha kulilinda usiku kucha.

Zoezi la wiki

1. Mhudumu wa afya: kwa siku saba, andika kila jambo lililokaribia kusahaulika zamuni, na saa yake. Mwisho wa wiki tazama ni wakati gani yalijirudia, kisha tunga orodha ya vipengele visivyozidi saba kwa ajili ya wakati huo.

2. Mgonjwa: anza daftari lako leo, na mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani mahali linapokaa.

3. Wote: kwenye orodha yoyote mnayoitumia sasa, ondoeni kipengele ambacho hujazwa bila kutazamwa, au kianzeni upya kukitazama.