Jinsi ya Kutengeneza Dirii na Chapeo kwa Karatasi

Kila mchezo wenye vita ndani yake huleta swali moja: askari watavaa nini? Katika Julius Caesar, mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Julius Nyerere aliutafsiri na ukachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1963, swali hilo huja hasa mwishoni, katika vita vya Philippi. Hapo Brutus anakufa. Dirii yake ikipasuka, au chapeo ikimwangukia puani, watu watacheka, na kazi ya muhula mzima itaharibika kwa dakika moja. Kwa hiyo yafaa tujifunze kuitengeneza vizuri.

Kwanza tujue walivaa nini. Caesar aliuawa mwaka 44 K.K., na vita vya Philippi vilipiganwa mwaka 42 K.K. Askari wengi wa wakati ule walivaa fulana za pete ndogo za chuma. Wakubwa wao walivaa dirii iliyofuata umbo la kifua. Basi askari wa kawaida watoshonewa nguo za gunia zilizopakwa rangi ya fedha. Kwa mbali gunia huonekana kama pete za chuma. Dirii ya boksi tuwafanyie Brutus, Cassius, Antony na Octavius tu.

Vifaa havina gharama kubwa. Hapa Namatala wenye maduka hutupa maboksi ya sabuni na mafuta. Tafuta pia magazeti ya zamani, unga wa muhogo wa kupikia gundi, na mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa, ukatwe vipande vya kufungia.

Usikate boksi kabla ya kukata gazeti. Hii ndiyo kanuni ya kwanza. Gazeti likikosewa hutupwa, lakini boksi zuri likikosewa limekwisha.

Mpime mwigizaji akiwa amevaa nguo atakayoigizia. Tuseme kifua chake ni sentimita 88. Ongeza 4 ili apate kupumua: 92. Nusu yake, 46, ni upana wa kipande cha mbele, na cha nyuma ni vivyo hivyo. Sasa kunja gazeti katikati. Kutoka kwenye mkunjo pima 23 tu, yaani nusu ya 46. Chora nusu ya shingo, bega moja, kwapa moja na ubavu mmoja, kisha ukate karatasi zote mbili kwa pamoja. Ukilikunjua gazeti, kulia na kushoto vitalingana bila kupima tena.

Mvalishe gazeti hilo kwa pini. Mwambie ainue mikono, apige magoti, ainame. Likimbana kwapani, punguza. Likimchoma tumboni anapoinama, lifupishe liishie kitovuni. Likishakubali, lilaze juu ya boksi na ulichore. Angalia mistari iliyo ndani ya boksi: isimame kutoka kiunoni kwenda shingoni, maana boksi hupinda kwa urahisi kuizunguka mistari hiyo, bali likilazimishwa upande mwingine huvunjika. Ili kifua kitokeze, kata pembetatu nyembamba mbili kutoka ukingo wa chini, uvute kingo zake zikutane, uzigundishe. Mabegani na ubavuni funga kwa mpira, utavutika anapopumua.

Chapeo inahitaji hesabu kidogo. Kichwa cha sentimita 57 kiongezewe 3 za kitambaa cha ndani: 60. Gawanya kwa vipande 6, kila kimoja kiwe na upana wa 10 chini. Urefu wa kila kipande ni robo ya mzunguko, yaani 15. Lakini kipande si pembetatu ya kingo zilizonyoka. Ukikata hivyo utapata pia, wala si chapeo. Ukipanda sentimita 5 kutoka chini, upana uwe 8.7, ukifika 10, uwe 5, ukifika 15, ni ncha. Unganisha alama hizo kwa mstari wa kupinda. Hapa pia kunja karatasi kwa urefu na uchore nusu tu. Unganisha vipande sita kwa karatasi na gundi, halafu ongeza vifuniko vya mashavu.

Mwisho, bandika vipande vya magazeti juu ya kazi yote, tabaka mbili au tatu, kila moja ikauke kabla ya nyingine. Wakati wa mvua za Mbale usifanye haraka: boksi lenye unyevu hupinda, na gundi mbichi huota ukungu. Ikikauka kabisa, paka rangi. Ihifadhi mbali na panya, wanaopenda muhogo kama sisi, na mbali na mishumaa, maana karatasi ni karatasi hata ikipakwa rangi ya chuma.

Wenzangu wa darasa la chini, magazeti yenu ya kwanza huenda yakakataa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na ninyi mliosoma hapa zamani, mkija kutazama mchezo, tuleteeni maboksi matupu. Vielelezo vya gazeti vitunzwe kabatini, kila kimoja kikiwa kimeandikwa vipimo vyake, ili watakaotufuata waanzie pale tulipoishia.