MGENI WA LUGHA: SOMO KWA NYUMBA INAYOMPOKEA

Kuna methali mbili ambazo sote tumezikariri tangu shule ya msingi. Ya kwanza ni "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ya pili ni "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Kila mwaka huzitia katika insha zetu, tukapewa alama, basi tukazisahau. Katika makala haya nataka tuzitazame kwa jicho la mama mwenye nyumba ambaye mgeni wake amelipa. Mgeni aliyelipa hapewi jembe siku ya tatu. Na mwenyeji naye haponi vivi hivi tu eti kwa sababu mgeni ameshafika na begi lake.

Mgeni ninayemzungumzia ni mwanafunzi wa ng'ambo aliyekuja kujifunza Kiswahili, akaamua kukaa katika nyumba ya watu badala ya hoteli. Jambo hili si jipya kwetu. Chuo Kikuu cha St. Lawrence, kilichoko jimbo la New York nchini Marekani, kimekuwa kikileta wanafunzi wake Kenya tangu 1974, nao hukaa na familia za mjini na za mashambani. Huko Unguja wako wanaosoma katika TAKILUKI, taasisi ambayo siku hizi imo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na jioni hurudi katika nyumba za wenyeji. Hapa Mombasa, shangazi yangu aishiye Kibokoni hupokea mmoja mmoja, hasa kati ya Juni na Agosti wakati vyuo vya Marekani vimefunga. Mengi ya nitakayoyasema nimeyaona kwake.

LUGHA NDIYO BIDHAA

Hebu tujiulize: mgeni huyu amenunua nini? Kitanda kipo hotelini, chakula kipo hotelini, na feni juu. Kile ambacho hoteli haina ni watu wanaoishi kwa Kiswahili kuanzia alfajiri mpaka taa zizimwe. Hiyo ndiyo bidhaa. Nyumba ikimpa mgeni wali wa nazi na kitanda safi, halafu ikazungumza naye Kiingereza, imemuuzia gunia tupu.

Wenzetu wa Uingereza wamelielewa jambo hili zamani. Katika miji ya pwani kama Brighton, Bournemouth na Hastings, familia nyingi hupokea vijana wanaokwenda kusoma Kiingereza. British Council, ambayo hukagua shule za lugha huko, imeweka masharti kwa nyumba hizo. Wanafunzi wasizidi wanne kwa wakati mmoja. Wenye lugha moja ya mama wasiwekwe nyumba moja isipokuwa wameomba wenyewe kwa maandishi. Na lugha ya mazungumzo nyumbani iwe Kiingereza. Sharti la pili ndilo lililonifurahisha zaidi, maana kwetu watu hulivunja bila kujua. Mama huambiwa, "Tuna wasichana wawili, ni marafiki, wataka kukaa pamoja," naye akaona pesa ni mara mbili. Kumbe wawili hao watazungumza lugha yao hadi usiku wa manane, na Kiswahili kitabaki kuwa cha kuombea chumvi.

Sasa tugeukie vijana wa nyumba, yaani mimi na wewe. Ukweli usemwe: adui mkubwa wa mgeni wa lugha ni sisi. Tukimwona Mzungu sebuleni, ulimi wawasha. Kila mmoja ataka kuonyesha Kiingereza chake cha shuleni. Wengine wetu twaingia na Sheng, mgeni abaki ameduwaa akitafuta neno kwenye kamusi ambalo hata mwenye kamusi hajalisikia. Sheng si dhambi, na mgeni atakutana nayo kwenye matatu atake asitake, lakini yule wa mwezi wa kwanza amekuja na kitabu kisemacho "kiti changu" na kutwa anatusikia sisi tukisema "kiti yangu". Atamwamini nani?

Kuna mkanganyo wa namna nyingine ambao mimi sioni haya kuutetea. Nyumbani kwa shangazi husemwa Kimvita. Mgeni amefundishwa njaa, njia, mchele na macho; huku anasikia ndaa, ndia, mtele na mato. Baadhi ya wenyeji huona haya, wakajilazimisha kusema "Kiswahili cha redio" mbele ya mgeni. La hasha! Hiyo ni hazina. Mwambie tu, "Hapa twasema ndia, kitabuni utakuta njia." Atakuwa amepata masomo mawili kwa ada ya moja.

JIKONI

Darasa bora kuliko yote ni jikoni. Mgeni aliyekaa sebuleni akitazama televisheni atapata maneno kumi kwa siku; aliyekunja kanga na kukaa juu ya mbuzi atapata hamsini. Na hapo ndipo kicheko huanza, maana ukimwambia "niletee mbuzi" atatazama uani akimtafuta mnyama. Mwonyeshe kile kigoda chenye meno, mwambie hii ni mbuzi ya kukunia nazi. Kisha vitenzi vifuatane kwa utaratibu wake: nazi hukunwa, tui hukamuliwa na kuchujwa kwa kifumbu, chakula hupikwa, hupakuliwa, huandaliwa. Hakuna mwalimu anayeweza kuchora mambo hayo ubaoni yakaeleweka hivyo.

Hapo hapo atajua kwamba kile anachokiita kwa neno moja kwao, sisi tuna maneno matatu: mpunga shambani, mchele dukani, wali sahanini. Akisema "nimekula mchele" msimcheke mpaka akafunga mdomo.

Mambo mengine matatu huwasumbua karibu wote. La kwanza ni saa. Kwao saa ya kwanza huanza baada ya usiku wa manane. Kwetu huanza baada ya jua kuchomoza. Ukimwambia "chakula ni saa mbili usiku", anaweza kudhani unamwamsha usiku wa manane ale. Kwa wiki ya kwanza mwonyeshe mshale wa saa kwa kidole. La pili ni neno "pole". Mgeni akijikwaa, wote nyumbani husema pole, naye hushangaa: mbona waniomba radhi na hamkunisukuma? Kisha yeye mwenyewe humkanyaga mtu mguu, akasema "pole" badala ya "samahani". Hilo ni kosa la kusahihishwa mapema, kwani mtu aliyekanyagwa huona kama anadhihakiwa. La tatu ni majina. Kwao mtu mzima huitwa kwa jina lake bila wasiwasi. Mfundishe siku ya kwanza kumwita mwenye nyumba Mama Fulani au Shangazi, na kumwamkia mkubwa "Shikamoo" kabla hajaomba chai.

KUSAHIHISHA BILA KUAIBISHA

Mgeni akisema kosa, usimkatize kwa kanuni za ngeli. Mrudishie neno lake likiwa limenyooka, kisha mazungumzo yaendelee. Kwa mfano:

Mgeni: Shangazi, naomba kisu ile.
Shangazi: Kisu kile? Haya, chukua kisu kile, mwanangu. Ni kikali, angalia.
Mgeni: Asante. Kisu kile ni kikali.
Shangazi: Starehe.

Mmeona? Shangazi hakutaja ngeli hata mara moja, na "ki" imesikika kila mahali. Shangazi yangu hakupita darasa la saba, lakini mbinu hii ameijua kwa kulea watoto. Kitu kimoja hukataa katakata: kumsemesha mgeni kama mtoto mchanga. Husema pole pole, ila husema sentensi nzima. "Mimi taka wewe kula" hicho si Kiswahili cha kumrahisishia mtu, ni cha kumharibu.

PESA NA HESABU YAKE

Tusifichane, watu hupokea wageni kwa sababu karo inadaiwa. Basi na tupige hesabu, kwa mfano tu, ya nyumba ya Mombasa. Tuseme mgeni analipa shilingi 1,500 kwa siku, kwa siku 28. Hizo ni 42,000. Jirani akisikia elfu arobaini na mbili atasema nyumba hiyo imetajirika. Sasa toa. Chakula, shilingi 600 kwa siku, ni 16,800. Maji ya mikokoteni, maana mfereji wa Mombasa twaujua ulivyo, shilingi 100 kwa siku ni 2,800. Stima, sabuni na kufuliwa nguo, 150 kwa siku ni 4,200. Jumla ni 23,800. Kilichobaki ni 18,200. Na kama ni mgeni wa kwanza, kuna godoro, chandarua, shuka na kitasa kipya cha mlango; tuseme 9,000. Mwezi huo mama ameshika 9,200, na amepoteza chumba, na watoto wake wamelala kwenye mkeka sebuleni.

Kwa hivyo faida huanza kwa mgeni wa pili. Na wa pili huja kwa sifa za wa kwanza.

Jambo la kutisha ni kuitegemea kazi hii peke yake. Machi 2020, korona ilipoingia, Kenya ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje hadi Agosti mosi, na msimu wote ukaenda na maji. Shangazi alirudia mahamri na mbaazi zake za asubuhi, ambazo kwa bahati hakuwa ameziacha. Wako majirani waliokuwa wamekopa ili kujenga chumba cha juu. Hao deni lilikaa, wageni hawakuja.

Mapatano yaandikwe kabla mgeni hajafungua begi: analipa kiasi gani na siku gani, anakula mara ngapi, nguo atafua nani, mlango unafungwa saa ngapi, marafiki wake wanaingia au hawaingii, na mwezi wa Ramadhani chakula cha mchana kitakuwaje. Chumba kiwe na ufunguo, na ufunguo awe nao yeye. Nakala ya pasipoti na simu ya chuo chake viwekwe mahali panapojulikana. Pia mwenye nyumba aulize mapema habari za leseni na kodi, kwani Sheria ya Utalii ya 2011 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na anayepokea wageni wa kulipa hafai kungoja mpaka aulizwe yeye.

Na kuna neno moja la mwisho kuhusu pesa, nalo ni gumu. Mgeni asiombwe. Asiombwe karo, asiombwe simu, asiombwe viatu. Akishaombwa mara mbili hufunga chumba chake na kukaa ndani, na Kiswahili alichokifuata kikabaki nje ya mlango. Msaada akiutoa kwa hiari yake siku ya kuaga, huo ni wake na Mungu wake.

MASWALI KWA WANACHAMA

1. Mgeni wenu amesema, "Nimefika nyumbani saa nane asubuhi na nilikula mchele tamu." Andika jibu la mwenyeji litakalomrudishia maneno sahihi bila kumwambia kwamba amekosea.

2. Nyumba moja inapata 1,800 kwa siku kwa siku 21, na gharama zake ni 950 kwa siku. Imenunua kitanda kwa 7,500. Imebaki na kiasi gani?

3. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Je, kumkalisha mgeni wa kulipa juu ya mbuzi akune nazi ni kumpa jembe au ni kumpa somo? Jadili katika ukurasa mmoja. Majibu yawekwe katika sanduku la Chama mlangoni mwa maktaba.