Mtutu Mpya Hauhitaji Tambiko

Ukipokea bunduki mpya ya shabaha kutoka kwa fundi, huenda ukakabidhiwa na ratiba: piga risasi moja, safisha, piga nyingine, safisha, kisha tatutatu, hadi kasha zima liishe. Wapo wanaoifuata kama dozi ya hospitali. Gale McMillan, mtengenezaji mitutu wa Marekani, aliipinga waziwazi, akisema inapunguza uhai wa mtutu bure.

Lakini ratiba hiyo haikuzuka hivihivi. Mtutu mzuri wa mashindano husuguliwa ndani kwa mkono huko unakotengenezwa, na mikwaruzo inayobaki hulala kufuata urefu wake. Baadaye fundi anachonga chemba kwa kifaa kinachozunguka, nacho huacha mikwaruzo ya kukingama pale chemba inapokutana na mifereji. Risasi ikipita hapo, ganda lake la shaba linakwanguliwa, na joto la baruti huigeuza shaba hiyo mvuke unaoganda mbele zaidi. Tunasafisha ili shaba isirundikane wakati risasi zenyewe zinapalainisha mahali hapo. Basi. Mtutu uliotobolewa vibaya hautanyooshwa na kitambaa.

Kwa hiyo mimi ningefuata kitambaa, siyo ratiba. Dawa ya kusafishia yenye amonia hugeuka buluu ikigusa shaba. Buluu ikipungua waziwazi baada ya risasi chache, acha, nenda kafanye mazoezi. Mtutu wa bei nafuu, usiosuguliwa, unaweza kudai zaidi. Angalia pia ncha ya ufito wako: ikiwa ni ya shaba, nayo hutoa buluu, na utasugua hadi jioni ukifukuza uchafu usiokuwepo. Pitisha ufito kutokea nyuma, kwa kiongozi chake, usije ukakwaruza mifereji.

Kuhusu ulengaji, wauzaji hupenda kuonyesha matundu matatu yaliyobanana. Matatu hayathibitishi kitu. Piga kumi, kisha kumi nyingine siku nyingine. Dakika moja ya pembe ni kama milimita 29 kwa mita 100, na milimita 87 kwa mita 300. Duara la alama kumi katika shabaha ya kimataifa ya mita 300 lina upana wa milimita 100. Bunduki ya dakika moja inaingia humo kwa shida, kabla hata upepo na pumzi zako hazijadai sehemu yake.

Usiharakishe kuamua kipimo cha baruti. Mitutu mingi huongeza kasi ya risasi katika risasi 100 hadi 200 za mwanzo, ndipo hutulia. Kwa umbali mfupi huenda usione tofauti. Bisley, Uingereza, wanakolenga hadi yadi 1,200, tofauti ndogo ya kasi hupandisha au kushusha risasi shabahani. Na matundu yakitawanyika, kaza kwanza skrubu za kitako na za darubini kabla ya kuulaumu mtutu.

Kabla ya kusafisha, toa bolti na utazame chemba kwa macho yako mwenyewe, hata kama aliyekukabidhi bunduki ameapa kwamba ni tupu.