SOMO LETU: BWANA BAILEY, MWALIMU WA BUSTANI



Leo tuyatazame maisha ya Bwana Liberty Hyde Bailey wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1858 huko South Haven, jimbo la Michigan, katika shamba la matunda la baba yake, na tangu utotoni alijua kuunga mitufaha.

Mwaka 1888 alikwenda Chuo Kikuu cha Cornell kufundisha kilimo cha bustani. Siku hizo mabingwa wengi wa mimea waliitukuza mimea ya mwituni na kuidharau ya shambani. Yeye alishikilia kwamba mti uliopandwa na mkulima wastahili kuchunguzwa vile vile. Wala hakufundisha wanachuo tu: vijitabu vilipelekwa shule za mashambani, watoto wajifunze kwa kutazama mimea na wadudu kwa macho yao.

Mwaka 1913 aliacha ukuu wa chuo cha kilimo, akasafiri kukusanya mimea, hasa ya jamii ya minazi na mitende. Kila jani lilikaushwa, likaandikiwa lilikotoka. Mwaka 1935 aliitoa hazina hiyo, majani zaidi ya 100,000, kwa Cornell. Alifariki mwaka 1954, umri wake miaka 96.

Nasi je? Mche ulio kitaluni mwako, mbegu yake ilitoka mkarafuu upi? Mti huo huzaa vizuri? Mzee ajuaye akifa bila kuandika, ujuzi wake huzikwa naye, na watoto hupanda kwa kubahatisha. Basi, ndugu, wekeni daftari.