Tamasha la Uwanjani Katika Simu Yako: Ni Nini Hasa Unachokilipia?

Somo hili linamhusu mtumiaji anayekusudia kutazama tamasha kubwa la muziki linalorushwa mubashara kupitia intaneti, hususan matamasha ya roki yanayofanyika katika viwanja vya Marekani na Ulaya na kufuatiliwa na mashabiki wa mataifa mengi kwa wakati mmoja. Picha inapoganda katikati ya wimbo, au fedha zinapokatwa na tamasha lisionekane, mtumiaji hujikuta hajui ni nani wa kumdai. Humlaumu mtoa huduma wa simu kwa kosa la mwandaaji, au humlaumu mwandaaji kwa kifurushi kilichokwisha. Hivyo ni lazima kwanza aijue safari ya picha, kutoka jukwaani hadi kiganjani mwake.

Tuchukue mfano unaojulikana. Jumapili, tarehe 25 Oktoba 2009, bendi ya U2 kutoka Dublin, Ireland, ilitumbuiza katika uwanja wa Rose Bowl mjini Pasadena, California. Uwanjani walikuwamo watu zaidi ya 97,000. Tamasha zima lilirushwa mubashara na YouTube bila malipo, na baadaye kampuni hiyo ilitangaza kuwa matangazo yale yalifunguliwa takribani mara milioni 10. Msomaji aisome tarakimu hiyo kwa uangalifu, kwani kufunguliwa mara milioni 10 si sawa na watazamaji milioni 10. Shabiki ambaye picha yake ilikatika mara tatu na akarudi mara tatu aweza kuhesabiwa zaidi ya mara moja. Hata hivyo, hakuna uwanja duniani ungeweza kubeba hata sehemu ndogo ya umati huo.

Mfano huu una uhusiano wa karibu na eneo letu. Hadi katikati ya mwaka 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti kati ya Afrika Mashariki na dunia ilipitia setilaiti zilizo angani umbali wa takribani kilomita 36,000, kwa gharama kubwa na kasi ndogo. Tarehe 23 Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kutoa huduma, ukifika Dar es Salaam na Mombasa. Miezi mitatu baadaye U2 wakapanda jukwaani Pasadena. Shabiki wa Dar es Salaam aliyejaribu kutazama tamasha lile alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupata faida ya mkongo huo, ingawa njia kutoka ufukweni hadi nyumbani kwake bado ilikuwa nyembamba.

Picha husafiri hivi. Kamera za uwanjani hupeleka picha katika chumba cha uongozaji, ambako huchaguliwa ile itakayoonekana. Kutoka hapo picha hubanwa ili ipungue ukubwa, kisha hukatwa vipande vidogo vya sekunde chache kila kimoja. Vipande hivyo huhifadhiwa katika seva zilizotapakaa duniani, na simu yako huviomba kimoja baada ya kingine kutoka seva iliyo karibu. Kila kipande hutengenezwa kwa viwango kadhaa vya ubora. Simu hupima kasi ya intaneti uliyonayo: ikiona kasi inashuka, huomba kipande cha ubora wa chini; ikikosa hata hicho, picha huganda. Ndiyo maana uso wa mwimbaji waweza kuonekana wazi dakika hii na kuwa ukungu dakika ifuatayo, bila mtu yeyote kuharibu kitu.

Kutokana na ukataji huo wa vipande, neno "mubashara" nalo lina unyumbufu wake. Unachokiona kimekwisha kutokea sekunde kadhaa zilizopita, pengine nusu dakika au zaidi. Ukisikia jirani akishangilia wimbo ambao kwako haujaanza, hiyo si hitilafu wala si sababu ya kudai fidia.

Tugeukie saa, maana hapa Mswahili ana mtego wake wa pekee. Tangazo la tamasha la Rose Bowl lilitaja saa 8:30 PM kwa saa za California. Msomaji wa Kiswahili huisoma saa hiyo kuwa saa mbili na nusu usiku, na yu sahihi, ila ni usiku wa Pasadena. Mwezi Oktoba Afrika Mashariki huitangulia California kwa saa 10. Kwa hiyo hapa kwetu tamasha lilianza Jumatatu, tarehe 26, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati watu wanaelekea kazini. Aliyenunua kifurushi cha usiku kwa kutegemea neno "usiku" lililo katika tangazo angekuta kifurushi chake kimefika mwisho, kwani vifurushi vya namna hiyo kwa kawaida huisha alfajiri. Jambo jingine la kuangalia ni kwamba Marekani na Ulaya hubadilisha saa zao mara mbili kwa mwaka, nasi hatubadilishi. Tofauti ya saa 10 na California huwa saa 11 kuanzia mwanzo wa Novemba. Basi usitegemee tofauti uliyoikariri mwaka jana. Ihesabu upya kwa tarehe ya tamasha lenyewe.

Sasa gharama. Tamasha likitangazwa kuwa la bure, maana yake ni kwamba mwandaaji hakutozi kiingilio. Data ni juu yako. Mtumiaji anaweza kukadiria matumizi yake kabla, kwa hesabu ya shule ya msingi. Kasi ya intaneti hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali kifurushi huuzwa kwa megabaiti (MB) au gigabaiti (GB). Megabiti 8 hufanya megabaiti 1. Tuseme tamasha lina urefu wa saa 2 na dakika 20, yaani sekunde 8,400, na unatazama kwa ubora wa wastani unaohitaji megabiti 2.5 kwa sekunde. Zidisha 8,400 kwa 2.5, upate megabiti 21,000. Gawanya kwa 8, upate MB 2,625, yaani zaidi kidogo ya GB 2.6. Ukipandisha ubora hadi megabiti 5 kwa sekunde, matumizi huwa mara mbili, MB 5,250. Ukishusha hadi megabiti 1, hutumia MB 1,050 tu. Katika kioo kidogo cha simu, tofauti kati ya ubora wa juu na ule wa wastani ni ndogo mno kuliko tofauti ya bei yake, na kwa maoni yetu wengi wanaochagua ubora wa juu kwenye simu wanatupa fedha. Anayetosheka kusikiliza bila picha, pale huduma inaporuhusu, hutumia takribani MB 134 kwa muda huo huo kama sauti inahitaji kilobiti 128 kwa sekunde.

Programu nyingi huachwa zichague ubora zenyewe, nazo huchagua ule wa juu kadiri mtandao unavyoruhusu. Kwa hiyo mtandao ukiwa mzuri, ndipo kifurushi kinapokwisha haraka. Ingia katika mipangilio ya programu na uweke ubora unaoutaka kabla tamasha halijaanza. Soma pia masharti ya kifurushi chako: kinaisha baada ya saa 24 tangu kununuliwa, au usiku wa manane? Kikiisha, je, utaendelea kukatwa salio la kawaida kwa bei ya nje ya kifurushi? Maswali haya mawili yana thamani kuliko tangazo lolote la ofa.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, ni viungo vya uongo. Kabla ya tamasha kubwa, matapeli hufungua kurasa zenye jina na picha ya bendi na kuweka kiungo kinachodai kurusha matangazo mubashara. Anayekibonyeza huelekezwa kuweka namba ya kadi ya benki "ili kuthibitisha umri", au kupakua programu isiyojulikana, au kutuma malipo kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Tamasha la bure halihitaji kadi yako. Wapo pia wanaochukua rekodi ya tamasha la zamani na kuirusha chini ya alama ya "mubashara", wakikusanya watazamaji na michango. Kwa tamasha kama lile la Rose Bowl, lililokwisha kutolewa kwenye DVD mwaka 2010, picha nzuri ya kuibia jambo hilo ipo tele. Dawa yake ni kuanzia kwenye tovuti rasmi ya bendi yenyewe, uandike anwani kwa mkono wako, kisha ufuate kiungo kilichowekwa hapo. Iwapo tovuti ya bendi haitaji matangazo yoyote, basi hayapo, hata kama marafiki kumi wamekutumia kiungo. Kwa Tanzania, namba ya simu iliyotumika kutuma ujumbe wa utapeli iripotiwe kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.

Kwa tamasha la kulipia, hakikisha kabla ya kulipa kwamba linaruhusiwa kuonekana katika nchi yako. Haki za kurusha matangazo huuzwa kwa nchi au kanda, na ukurasa waweza kupokea fedha zako kisha ukakuonyesha kioo cheusi chenye maelezo kuwa huduma haipatikani ulipo. Tazama pia kama tiketi inakupa ruhusa ya kurudia tamasha baadaye na kwa muda gani. Kwa sisi tulio mbali na saa za California, ruhusa hiyo mara nyingi ndiyo inayoipa tiketi thamani.

Neno dogo kwa wenye vibanda umiza. Tiketi ya mtazamaji mmoja, au matangazo ya bure, hayampi mtu ruhusa ya kutoza umma kiingilio. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda maonyesho ya hadharani, na utaratibu wa kibali uulizwe Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) mapema.

Huduma inapoharibika, jaribu kutenganisha visababishi kabla ya kulalamika. Fungua huduma nyingine ya video kwa simu hiyo hiyo. Nayo ikiganda, tatizo huenda liko kwenye mtandao wako, mnara uliozidiwa, au kifurushi. Pima kasi na uhifadhi picha ya skrini yenye saa. Ikiwa huduma nyingine inacheza vizuri na tamasha pekee ndilo limekwama, na wenzako wa mitandao mingine wanaona hivyo hivyo, mwenye kujibu ni mwandaaji au aliyekuuzia tiketi. Tunza ujumbe wa muamala, tangazo lililoahidi huduma, na masharti ya kurejeshewa fedha kama yalivyosomeka siku uliponunua.

Lalamiko dhidi ya mtoa huduma wa mawasiliano hupelekwa kwake kwanza. Dai upewe namba ya kumbukumbu, nawe uandike tarehe na jina la kituo ulichopiga simu. Asipokujibu, au jibu lisipokuridhisha, ndipo ulete lalamiko kwa Mamlaka pamoja na namba hiyo na vielelezo vyako. Lalamiko lisemalo "intaneti ilikuwa mbovu" ni vigumu kulichunguza. Lisemalo "tarehe fulani, kati ya saa 12:30 na saa 1:15 asubuhi, nikiwa mtaa fulani, kasi ilipimwa megabiti 0.3 kwa sekunde" laweza kulinganishwa na kumbukumbu za mnara husika.

Zoezi. Bendi inatangaza tamasha katika uwanja wa Wembley, London, tarehe 11 Julai, saa 8:00 PM, kwa urefu wa saa 2. Wewe uko Morogoro na una kifurushi cha GB 1. Litaanza saa ngapi kwako, na kifurushi kitatosha kwa ubora wa megabiti 1 kwa sekunde? (Jibu: mwezi Julai tunaitangulia London kwa saa 2, hivyo ni saa nne usiku. Sekunde 7,200 kwa megabiti 1 ni MB 900: kitatosha, mradi usifungue kitu kingine.)