LUGHA ILIYODHARAULIWA: FUNZO KUTOKA KWA CHAUCER NA TWAIN

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Lakini katika shule nyingi anayecheza kwao huvishwa kibao! Mwanafunzi akisikika akisema Kiswahili siku ya Kiingereza, anavalishwa kibao shingoni mpaka amnase mwenzake ampokeze. Ndiyo maana wengine wetu huamini ati Kiingereza kilizaliwa kikubwa, na Kiswahili ni cha sokoni na kwenye matatu tu. Hebu tuiulize fasihi ya Uingereza na ya Marekani yenyewe inasemaje.

(a) Kiingereza kilipokuwa lugha ya wanyonge

Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza. Kwa muda mrefu baada ya hapo wakubwa walisema Kifaransa, kanisani na katika elimu kikatumika Kilatini, nacho Kiingereza kikaachiwa mkulima na mtumishi. Alama yake ipo mpaka leo. Ng'ombe akiwa malishoni, Waingereza humwita kwa neno lao la asili. Nyama yake ikifika mezani, huiita kwa neno lililotoka Kifaransa. Kumbe mchungaji na mlaji hawakuwa na lugha moja! Mwaka 1362 ndipo ilipotolewa sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa sababu wananchi hawakielewi Kifaransa. Cha kuchekesha ni kwamba sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa.

(b) Geoffrey Chaucer

Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alikuwa ofisa wa forodha katika bandari ya London. Alijua Kifaransa, Kilatini na Kiitaliano. Angetaka sifa za upesi, angeandika kwa lugha za wakubwa. Lakini alitunga "The Canterbury Tales" kwa Kiingereza. Ni hadithi za mahujaji wapatao 30 wanaosafiri kutoka London kwenda Canterbury, na njiani wanasimuliana visa. Yumo askari wa farasi, mtawa, mpishi na msaga nafaka, na kila mmoja anasema kama watu wa aina yake wasemavyo. Msaga nafaka ni mlevi na maneno yake si ya adabu! Chaucer hakumziba mdomo.

(c) William Shakespeare

Shakespeare (1564-1616) hakusoma chuo kikuu. Katika tamthilia zake mfalme husikika, na bawabu pia husikika. Tazama "Macbeth": mara tu baada ya mfalme kuuawa, anaingia bawabu mlevi akipiga porojo za kuchekesha huku mlango ukigongwa. Mheshimiwa anasema kwa mashairi, bawabu anasema maneno ya kawaida, na vyote viwili ni fasihi.

(d) Mark Twain na Zora Neale Hurston

Sasa tuvuke bahari twende Marekani. Riwaya ya Twain, "Adventures of Huckleberry Finn", ilitoka Uingereza mwaka 1884 na Marekani mwaka 1885. Msimulizi ni Huck, mtoto wa mlevi, ambaye anateremka mto Mississippi kwa chelezo pamoja na Jim anayetoroka utumwa. Huck anasimulia kwa lugha ya mtaani kwake, sarufi imevunjika kila mahali. Mwaka huohuo wa 1885 maktaba ya mji wa Concord iliikataa, ikidai ni ya watu wasiostaarabika. Leo riwaya hiyo inafundishwa vyuoni, ingawa bado inazua ubishi kwa sababu ya neno la matusi linalotumiwa humo kwa watu weusi.

Hurston naye, mwandishi mweusi aliyekulia Eatonville, Florida, alichapisha "Their Eyes Were Watching God" mwaka 1937. Wahusika wake huzungumza kama watu weusi wa kusini walivyozungumza kweli. Wasomi wengine, hata weusi wenzake, walimkosoa. Alifariki mwaka 1960 akiwa maskini, na kaburi lake halikuwa na jina mpaka mwaka 1973, mwandishi Alice Walker alipoliwekea jiwe. Siku hizi ni miongoni mwa waandishi wanaoheshimiwa sana Marekani.

(e) Je, na sisi?

Kuna wanaosema Kiswahili hakiwezi kubeba mambo mazito. Mwalimu Julius Nyerere aliwajibu kwa vitendo. Akiwa rais, alimtafsiri Shakespeare: "Julius Caesar" mwaka 1963 na "Mabepari wa Venisi" mwaka 1969. S. S. Mushi akatafsiri "Makbeth" mwaka 1968. Mzigo ulibebwa na mgongo haukuvunjika!

Kwa kutamatisha, sisemi tukichukie Kiingereza. La hasha! Tukisome kwa bidii, maana mtihani unatungoja na dunia pia. Ila tukumbuke kwamba kilikuzwa na watu waliokataa kuionea haya lugha ya mama zao jikoni. Kwa walimu wetu, kwa heshima na taadhima, naomba kile kibao kiwekwe kabatini. Hakuna lugha iliyofundishwa vizuri kwa kuidhalilisha nyingine. Na wewe mwenzangu unayeandika shairi la Kiswahili na kulificha ndani ya kitabu cha hesabu, litoe. Chama kinalingojea toleo lijalo.